Muhuri wa Kinyozi wa Hinokidani

Tokyo, 20 Novemba 1986

Mjomba Kenroku,

Nakuamkia kwa heshima. Huku baridi imeingia kabla miti ya barabarani haijamaliza kupukutisha majani, na nadhani huko Hinokidani mmeshaanza kuchuma machungwa ya yuzu. Mimi ni mzima. Chumba changu ni kidogo lakini kina dirisha, na mwenye nyumba ameniruhusu kuweka hita ya mafuta mradi nisiiache ikiwaka nikitoka. Nakula vizuri. Mwambie mama asinitumie tena viazi vitamu, vile vya mwanzo vimeanza kuota. Na magoti yake yanaendeleaje? Kwenye barua zake hataji magoti, kwa hiyo nadhani yanamuuma.

Pengine siku moja kabla ya barua hii utapokea barua rasmi kutoka ofisini kwetu, hapa tunapopokea taarifa za watazama nyota. Usishangae kuona muhuri wangu mdogo pembeni chini. Anayeandika barua hizo kwa mashine ni mimi, ndiyo kazi yangu. Yaliyomo ni maamuzi ya wakubwa. Vipimo vyako vya usiku wa kwanza, tarehe 30 Oktoba, vilipokewa bila tatizo. Vya usiku wa pili, tarehe 31, haviwiani na vya kwanza: sayari ndogo iliyokuwa mahali pale Alhamisi isingeweza kuwa mahali ulipoiandika Ijumaa. Nawe unajua kuliko mimi kwamba usiku mmoja peke yake hauhesabiki. Yule fundi wa reli wa Hokkaido aliiona tarehe 2 na tarehe 4, vipimo vyake vikakubaliana, na kituo cha ng'ambo kinachosajili sayari kimemwandika yeye kuwa mgunduzi.

Pole sana, Mjomba. Una nyingine tano zilizokwisha kuandikwa kwa jina lako, na hizo haziendi popote. Ofisi ina taratibu zake. Sina la kuongeza juu ya jambo hili.

Mpwa wako,
Natsue


Hinokidani, 30 Novemba 1986

Natsue mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Mama yako ananung'unika tangu asubuhi, yaani ni mzima kabisa. Viazi nimemkataza, akaniambia, "Wewe nyoa vichwa, mtoto niachie mimi." Kwa hiyo tegemea vingine wiki ijayo.

Nimepata barua zako mbili siku moja, moja ya mpwa wangu na moja ya serikali. Ile ya serikali imeandikwa vizuri zaidi. Ile ya mpwa wangu inakwenda kama mtu anayetembea juu ya barafu.

Habari imenichoma, sitakuficha. Hapa dukani watu walikuwa wameshaanza kugombania jina. Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, ambaye faksi yake ndiyo tunayotumia, alitaka iitwe Yuzu. Akasema, "Tutauza machungwa mpaka mbinguni." Mzee Osaki wa duka la tofu alikuwa kitini, uso umejaa povu, akamjibu, "Jina litatoka kwa mwenye macho. Wewe mwenye faksi nyamaza." Nikawaacha wabishane. Mimi nilikuwa nimeshaamua: Fusa, jina la mama yako. Miaka kumi na mmoja sasa mama yako anakaa chini ya ngazi na ile redio ya saa, ananisomea sekunde, nami nafungua na kufunga kamera. Mtu wa namna hiyo apewe walau jiwe moja la angani.

Sasa anasema aliyekosea ni yeye. "Kaka, usiku ule nilisinzia." Namwambia hukusinzia, nilikusikia ukipiga chafya. Haamini. Nimeitoa tena filamu na kupima upya mara tatu. Ile nukta bado inaelea juu ya wenzake kama punje ya ufuta juu ya chai, na namba zimetoka zile zile. Mtu akikosea mara moja tunasema bahati mbaya. Akikosea mara nne kwa namna ile ile, basi ana ugonjwa.

Swali moja tu. Karatasi yangu ya usiku wa pili ilifika nzima? Faksi ya ushirika ina tabia ya kula kingo.

Mjomba wako,
Kenroku


Tokyo, 22 Desemba 1986

Mjomba Kenroku,

Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Mwisho wa mwaka kazi ni nyingi, na mimi ndiye mgeni kuliko wote ofisini, kwa hiyo chai, posta na usafi wa makabati vinaniangukia. Nimekutumia sanduku la biskuti za mchele kutoka duka la karibu na kituo cha treni. Zenye mwani ni za mama.

Karatasi yako ilifika nzima. Kingo hazikuliwa.

Mwambie mama hakusinzia. Mwambie nimesema mimi. Sina namna ya kujua, lakini mwambie.

Mjomba, nimefikiri sana juu ya ulichosema. Umefika miaka sitini na mmoja. Pengine ingefaa umwone daktari wa macho huko Kochi mjini, si kwa sababu kuna tatizo, bali ili uwe na uhakika. Watu wengi wa umri wako hufanya hivyo. Ni ushauri tu.

Mwaka mpya sitaweza kuja nyumbani. Tikiti za treni zimekwisha, na Bwana Kuwabara, mkuu wetu, amesema huenda akahitaji mtu wa kupokea simu. Hajanitaja mimi, lakini ni vizuri niwepo. Mwaka wangu wa majaribio unakwisha Machi 31, na ndipo wataamua kama wataniajiri moja kwa moja. Nakumbuka kila siku kwamba mdhamini wangu ni wewe, na kwamba muhuri wako uko kwenye faili langu.

Muwe na mwaka mwema.

Natsue


Hinokidani, 10 Januari 1987

Natsue mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Mochi zako za mchele zipo kwenye friji, mama yako amekataa mtu azile. Jirani yetu alikuja kukusalimu, akasikia hukuja, akasema, "Tokyo imemmeza." Mama yako akamjibu kwamba Tokyo ikimmeza itamtapika, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlea. Baada ya hapo akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Nimekwenda kwa daktari kama ulivyonishauri. Kijana mpole. Akasema jicho la kulia lina ukungu mwembamba, wa umri tu, si kitu. Nikamuuliza, "Ukungu huo unaweza kunifanya nikosee mahali pa nukta kwenye filamu?" Akasema, "Sijui, mzee, mimi si mtu wa nukta."

Nikarudi kwa basi nikifikiri. Nilipofika nikafunga nyembe zote kwenye kitambaa na kuziweka kwenye sanduku la bibi zako. Kama siwezi kuuamini mkono wangu kwenye filamu, siwezi kuuweka kooni kwa mtu. Siku hizi ni mkasi tu. Mzee Osaki alinuna kweli. "Umeninyoa miaka thelathini, Kenroku, leo shingo yangu imekufanya nini?" Nikamwambia shingo yake ni nzuri, ndiyo maana naitaka ibaki pale ilipo. Alicheka, lakini wiki hii nimeambiwa anashuka hadi mji wa chini kunyolewa. Wengine wanne wamemfuata.

Darubini nimepata mnunuzi, mwalimu wa Osaka. Atakuja na gari Jumapili, Machi 29. Redio ya saa mama yako ameitoa betri.

Usijilaumu kwa ushauri wako. Ulikuwa ushauri mzuri.

Kenroku


Tokyo, 5 Februari 1987

Mjomba Kenroku,

Nakuamkia, na nawaombea wote afya katika baridi hii. Nilikuwa na mafua, sasa nimepona.

Tafadhali usiuze darubini. Najua mimi si mtu wa kukuamuru. Nakuomba tu. Na nyembe, Mjomba, zitoe kwenye sanduku. Daktari amesema si kitu.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hapa ofisini nimepewa kazi ya kuorodhesha karatasi za mwaka. Machi 31 zile zisizo na kesi huchomwa, kila mwaka ni hivyo. Karatasi za faksi ni za ajabu, maandishi yake hayakai. Za Aprili zimeshakuwa nyeupe kama hazikuandikwa kitu. Za Novemba bado zinasomeka, ila zimepauka, na kila nikifungua droo naona zimepauka zaidi, au pengine ni mawazo yangu.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Usiuze darubini.

Natsue


Hinokidani, 22 Februari 1987

Natsue,

Hatujambo. Theluji ilianguka siku mbili na kuyeyuka siku ya tatu. Yuzu zimekwisha kuuzwa, bei ilikuwa nzuri. Paka wa duka la tofu amezaa wanne chini ya ngazi yangu. Magoti ya mama yako yanauma asubuhi, yanapoa mchana.

Nina swali moja. Ofisini kwenu Jumamosi hubaki nani?

Kenroku


Tokyo, Jumamosi, 14 Machi 1987

Mjomba Kenroku,

Nakuamkia kwa heshima. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na mama akiwepo.

Umeniuliza Jumamosi hubaki nani. Barua yako nimekaa nayo siku kumi na nane. Jumamosi, Novemba mosi, nilibaki mimi.

Unakumbuka Agosti, nilipokuja nyumbani kwa siku za kuwakumbuka wahenga, nilikaa na wewe dukani nikakufundisha kuandika saa za Greenwich badala ya saa zetu. Nilikuambia ofisi inapenda hivyo siku hizi, upunguze saa tisa mwenyewe kisha uweke alama kwenye pembe ya karatasi. Ulilalamika, ukasema nakurudisha shule. Lakini ulifanya. Taarifa yako ya usiku wa kwanza ilipokewa na Bwana Emoto, mkubwa wangu, akaiona alama, akaipitisha. Ya usiku wa pili ilifika Jumamosi asubuhi. Bwana Emoto alikuwa ameondoka mapema kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu. Kulikuwa na taarifa kumi na moja mezani, na ofisi hufungwa saa sita. Watu wengine wote bado wanatumia saa zetu, kwa hiyo nikawa nawapunguzia saa tisa, mmoja baada ya mwingine. Nikakupunguzia na wewe. Ulikuwa umeshapunguza.

Ndiyo maana sayari yako ilionekana imeruka. Macho yako hayakukosea. Mama hakusinzia. Kosa ni langu peke yangu.

Nililiona wiki mbili baadaye, siku niliyoambiwa niandike kwa mashine ile barua ya kukukatalia. Nilichukua karatasi yako ili ninakili tarehe, nikaiona alama. Nilikaa nikiitazama. Halafu nikaiandika barua, nikagonga muhuri wangu, nikaipeleka posta. Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Nilimwogopa Bwana Kuwabara. Niliogopa mwaka wangu wa majaribio. Nilijiambia kwamba wakinifukuza, aibu itakuangukia wewe uliyenidhamini, kwa hiyo ninanyamaza kwa ajili yako. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka nikakaribia kuamini. Kisha nikakutuma kwa daktari wa macho. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine.

Jana nilikwenda kwa Bwana Kuwabara na karatasi yako mkononi. Alikuwa anakunywa chai niliyompelekea mwenyewe.

"Unajua unachoniletea?" akaniuliza.

"Najua, mkuu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu katikati ya Novemba."

Bwana Emoto akasogeza kiti chake. "Nilikuwa najiuliza kwa nini huyu binti ameikalia droo ile kama kuku anayeatamia," akasema. Akaichukua karatasi, akaiinua dirishani. Mistari ya chini imeshapotea, lakini namba zipo, na alama ya pembeni ipo. "Inasomeka," akasema. "Ungengoja miti ya cheri ichanue, ungeniletea karatasi nyeupe."

Bwana Kuwabara hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alisema marekebisho yanaweza kupelekwa ng'ambo iwapo yatatoka hapa kabla faili la mwaka halijafungwa, na hayawezi kutoka bila barua ya kosa ya aliyekosea. Na barua ya kosa ya mtu wa majaribio lazima iwe na mihuri miwili, wake na wa mdhamini.

"Mdhamini wako ni nani?"

"Mjomba wangu, mkuu. Iwago Kenroku, kinyozi, Hinokidani."

Akaitazama karatasi ya faksi, akaangalia jina la mtumaji.

"Yule yule?"

"Yule yule."

Bwana Emoto akageukia ukuta. Nadhani alikuwa anacheka, lakini sina hakika. Bwana Kuwabara akasema, "Basi muombe. Iwe hapa mezani kwangu tarehe 25. Isipofika, karatasi hii itakwenda na nyingine, na wewe pia."

Barua ya kosa nimeiambatisha. Nimeiandika kwa mkono, mara tano, hii ndiyo ya tano. Muhuri wangu upo. Nafasi ya pili iko wazi. Sina haki ya kukuomba uijaze. Ukiirudisha bila muhuri nitaelewa, na sitakuandikia tena kulalamika. Lakini nakusihi, hata ukifanya hivyo, zitoe nyembe, na mrudishie mama betri zake. Hayo hayahitaji muhuri wa mtu.

Natsue


Hinokidani, 18 Machi 1987

Natsue mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Paka wameshafumbua macho, wanapanda ngazi. Barua yako imefika leo asubuhi, nami naijibu leo hii ili iwahi basi la posta la saa nane. Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Mama yako aliisikiliza akiwa amesimama, maana hukusema naye akae.

Sasa na mimi nina la kukiri. Februari 20 nilikwenda ushirika kulipia mbolea. Yule binti wa faksi alikuwa anasafisha kabati, akaniita, "Mzee Kenroku, makaratasi yako haya, uyachukue au niwashie jiko?" Nikayachukua. Ya usiku wa pili ilikuwa juu. Alama ya Greenwich iko pembeni, kubwa kama nzi. Nikasimama njiani nikahesabu kwa vidole: saa tisa zikitolewa mara mbili, sayari inaruka. Kabla sijafika dukani nilijua macho yangu ni mazima, na nilijua ni nani aliyekuwa mezani.

Jioni ile ile nilizitoa nyembe. Nilihitaji mtu wa kwanza, na sikutaka mteja. Mama yako akaketi, akainamisha kichwa, akaweka shingo wazi. Nikamwambia hakusinzia usiku ule. Hakuuliza nimejuaje. Akasema tu, "Kaka, ukinikata nitamwandikia Natsue." Nikamnyoa kisogo chote bila tone la damu. Nilipomaliza alikuwa analia, akasingizia povu. Mwalimu wa Osaka nilimpigia simu siku iliyofuata, akakasirika kidogo. Mzee Osaki amerudi kitini. Anadai kule mji wa chini wana wembe wa plastiki.

Utaniuliza kwa nini basi sikumpelekea Bwana Kuwabara ile karatasi mwenyewe. Niliitia kwenye bahasha, nikaandika anwani. Bahasha ilikaa siku tatu kando ya kioo. Mama yako alikuwa akiifuta vumbi. Nikaona kwamba nikiituma nitapata jiwe na nitapoteza mpwa. Nikaichana. Badala yake nikakuandikia lile swali la Jumamosi, kisha nikakaa kimya. Nisamehe kwa ukimya huo, haukuwa wa upole. Tarehe 31 Machi nilikuwa nimeiandika kwenye kalenda ya dukani, na kila asubuhi nilikuwa naitazama kabla sijafungua mlango.

Jiwe likirudi kwetu, jina lake unalijua. Lisiporudi, lipo pale pale, na yule fundi wa reli ana mama pia. Betri za redio ni mpya. Usiku wa juzi anga lilikuwa safi, tukapiga filamu mbili, mama yako akisoma sekunde kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Barua yako ya kosa hii hapa ndani. Itie mkononi mwa Bwana Kuwabara mwenyewe, usimpe mtu akupelekee. Mwaka jana, siku unaajiriwa, niligonga muhuri wangu kwa sababu mama yako aliniomba, wala sikuyasoma yaliyoandikwa. Hii nimeisoma yote mara mbili, halafu nikagonga.

Mjomba wako,
Kenroku